Kiwiko Ukutani

Jumatatu, 4 Machi

Halmashauri imeamua mji uchorwe. Kuta tisa! Muziki wa zamani wa mlimani: mazeze, filimbi, kayamba, na sisi tuliovipiga kabla redio hazijatunyamazisha. Tangazo limebandikwa langoni mwa ghala. Nimelisoma mara tatu huku gunia la mtu likiwa juu ya mizani. Mwenye gunia akauliza kama napima mahindi au napima maneno.

Ukuta mkubwa kuliko zote ni wa duka la dawa. Hapo litachorwa kundi letu, kutoka kwenye picha pekee iliyosalia. Nakala yake ipo chini ya tangazo. Miaka ishirini na mitatu! Wapo wapiga filimbi wawili, yupo wa ngoma, yupo mbwa asiye na mwenyewe, na pembeni kabisa yupo Chiriku, mwimbaji wetu, na zeze lake. (Nimeandika jina hilo bila mkono kutetemeka. Maendeleo.) Ubavuni mwa Chiriku, pale picha inapokatika, kimejitokeza kiwiko cha mtu. Kiwiko tu. Mwenyewe kabaki nje ya picha.

Kiwiko hicho ni changu.

Nilikuwa mpiga kayamba. Nafasi yangu ilikuwa ubavuni mwake. Siku hiyo kiwiko changu kiligusa mkono wa gauni lake, kikabaki hapo mpaka mpiga picha alipomaliza. Wiki hiyohiyo akahamia ng'ambo ya mlima kwa shangazi yake, akaolewa huko. Mimi nikabaki na mguso. Hata leo, asubuhi za baridi pale kwenye mizani, naweza kuonyesha kwa kidole mahali penyewe.

Uzinduzi ni Jumamosi tarehe 16. Wanakundi wote walio hai wamealikwa. Karani wa posta anasema Chiriku amejibu kwamba atakuja. Anasema pia kuwa ni mjane, mwaka wa tatu huu. Nimesikitika sana. Nimesikitika kwa dakika nne hivi.

Lengo: niwe mtu mzima ukutani kabla hajafika.


Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda kumwona Fundi. Mwanamke wa makamo, ovaroli yenye rangi zote isipokuwa ile ya awali. Kazi yake ina utaratibu, nimeupenda. Amechora miraba midogo juu ya picha kwa penseli, kila mraba una namba. Ukutani amepiga miraba ileile kwa kamba na chaki, mikubwa kama meza. Kilichomo kwenye mraba wa kumi hapa kinahamia mraba wa kumi pale. Hakuna kubahatisha.

Kiwiko kipo mraba wa sitini na moja.

Nikamweleza kwa upole kwamba kiwiko kina mwili, na mwili ndio huu uliosimama mbele yake. Akanitazama kutoka viatu mpaka kofia. Akasema yeye huchora kilichomo kwenye miraba. Picha ikiwa na kiwiko, ukuta utakuwa na kiwiko. Nikamuuliza kama hana huruma. Akasema huruma haina namba.


Jumatano, 6 Machi

Balaa! Kinyozi naye anakidai kiwiko.

Kibanda chake kinatazamana na duka la dawa. Nimemkuta chini ya jukwaa akimpelekea Fundi chai, kwenye kikombe chenye kisahani! Mimi nimenyolewa pale miaka kumi na moja sijawahi kuona kisahani. Anadai yeye ndiye aliyekuwa akibeba ngoma ya kundi, na siku ya picha alisimama pembeni kupumzisha mgongo. Akalitangaza hilo mbele ya wateja, mmoja wao akiwa amenyolewa nusu ya kichwa na kusahauliwa.

Nikamwambia jirani, heshimu ukweli. Akajibu kwamba Bwana Mizani amezoea kupima vya wenzake mpaka anadhani vyote ni vyake. Wakacheka. Hata yule wa nusu kichwa alicheka, na hali yake ile!

Kinyozi akaongeza kwamba mimi kawaida nilisimama nyuma, karibu na mbwa.

Si kweli. Mbwa ndiye aliyesimama karibu nami.


Ijumaa, 8 Machi

Penye nia pana njia. Penye ukuta mrefu pana ngazi.

Jukwaa la Fundi linafika vifuani tu. Kundi zima lipo pale, halina vichwa. Ngazi ndefu katika mji huu ni moja, ni ya ghala, imefungwa mnyororo, na ufunguo wa kufuli ninao mimi, shingoni. Bosi alishasema ngazi isiazimwe kwa yeyote, hata akija na barua. Fundi hana barua. Kwa hiyo sijavunja agizo lolote.

Nimekwenda saa sita mchana, Kinyozi akiwa msalani. Nikamweleza Fundi kuhusu ngazi. Akashuka, akafuta mikono, akakata shauri bila maneno mengi: nimpe ngazi, anipe mwili. Tukapeana mikono. Nimerudi ghalani na rangi ya kijani kwenye kiganja, najihisi kama mtu aliyetia saini mkataba.

Kwenye kitabu cha vifaa nimeandika: "Ngazi — ipo matengenezoni."

Tatizo dogo. Fundi anataka sura yangu ya wakati ule. Picha ninayo moja tu ya umri huo, ile ya kumaliza shule. Nimevaa tai. Itabidi itoshe.


Jumamosi, 9 Machi

Nimemsimulia dada yangu habari ya kiwiko. Alikuwa anafua. Alicheka mpaka akakaa chini, povu mikononi.

Akasema, mdogo wangu, siku ile hukwenda popote. Ulikuwa kitandani na matubwitubwi.

Nikamwambia amechanganya siku. Akasema hajachanganya kitu: nilizidiwa alfajiri, kundi likapanda mlimani bila kujua, naye alinifunga kitambaa cha buluu kutoka kidevuni mpaka utosini, fundo likasimama juu kama masikio ya sungura. Alikaa nami siku kumi na mbili. Nilipoinuka, Chiriku alishaondoka.

Nikamwambia huenda huyo alikuwa ndugu yetu mwingine. Akasema mama alizaa wa kiume mmoja, na kila akinitazama anamshukuru Mungu kwa kuishia hapo.

Nimekula peke yangu, nimemnunia. Nimekunja na kukunjua kiwiko. Kinakumbuka vizuri tu.


Jumapili, 10 Machi

Mtu wa utaratibu habishani. Anaangalia kumbukumbu.

Shajara zangu zote zipo kwenye sanduku la bati, zimepangwa kwa miaka. Nyuma ya picha aliyonayo Fundi pameandikwa tarehe: 14 Juni. Nikaitafuta. Mwandiko wangu, wino wangu:

"Alhamisi, 14 Juni. Mashavu kama maboga. Uji haupiti. Wenzangu wamepanda mlimani. Nasikia zeze kwa mbali, au ni homa."

Nimekaa juu ya sanduku muda mrefu.

Zamani huko mlimani mtu aliimba upande huu wa bonde, na sauti ikachukua muda wake kufika upande wa pili. Chiriku alikuwa akifunga mdomo, nasi tunaendelea kumsikia. Labda ndivyo ilivyokuwa. Labda nilisikia zeze kitandani, na kiwiko kikakamilisha mengine. Lakini ule mkono wa gauni? Ulikuwa wa kitambaa cha kukwaruza kidogo, kwenye mshono. Nani amenipa mshono? Kitu nilichokitunza vizuri hivi kwa miaka ishirini na mitatu kinawezaje kuwa si changu?

Mchana nimelifikiria jambo hili kwa utulivu. Shajara ile iliandikwa na mgonjwa. Mgonjwa wa homa si shahidi.

Nimepaka gundi. Sasa 13 Juni inafuatwa na 15 Juni, na daftari limekaa vizuri zaidi.


Jumanne, 12 Machi

Mraba wa sitini na moja umekamilika. Kiwiko ni kikubwa kama ndoo. Kizuri! Tatizo: kina kovu.

Kwenye picha ndogo halikuonekana. Fundi ana macho ya mwewe na uaminifu wa kukera, kalichora lote, refu, lenye kona. Kinyozi akavuka barabara na mkasi mkononi. Akapandisha mkono wa shati polepole, kama mtu anayefungua pazia. Kovu refu. Lenye kona. Akaeleza aliangukia jiwe akiwa na ngoma mgongoni. Wateja wakapiga makofi.

Fundi akanitazama. Nikamwambia makovu yapo mengi duniani.

Kisha nikamvuta kando nikamkumbusha mambo mawili: kwanza, ngazi anayosimamia ni ya nani, pili, mlimani kulikuwa na baridi, watu walivaa mikono mirefu. Akapuliza pumzi puani. Akachovya brashi. Shati langu limekuwa la mikono mirefu na kovu limelala chini yake, nalo litulie huko.

Kinyozi amepeleka malalamiko halmashauri. Ofisa amemjibu kwamba ana kuta tisa na malalamiko ishirini na saba, na la kiwiko ni la ishirini na saba.


Jumatano, 13 Machi

Nipo!

Nipo ukutani, mrefu kuliko mlango wa duka la dawa. Nimepita kwa miguu mara tano kujitazama, mara moja kwa baiskeli. Watu wa mlimani pekupeku, mashuka mabegani, vumbi magotini. Na mimi nimevaa tai. Fundi kanakili picha ya shule kama ilivyo. Mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya kikohozi alimuuliza mwenzake kama huyo ni bwana afya.

Tai naweza kuivumilia. Shida ni uso. Mpiga picha wa shule alitutaka tutazame pembeni, tuonekane watu wenye mustakabali. Matokeo yake, kiwiko changu kinamgusa Chiriku, na uso wangu umempa kisogo. Yeye anaimba, mdomo wazi, macho yakielekea kwangu. Mimi natazama bomba la mvua.

Nimemsihi Fundi ageuze kichwa. Akasema kichwa hakikuwamo kwenye miraba tangu mwanzo, kwa hiyo anaweza kukifanya atakavyo. Ijumaa asubuhi, akimaliza mawingu ya ukuta wa posta. Ana moyo mwema yule mama. Ameuficha tu.

Jioni nimepitia maneno nitakayomwambia Chiriku. Nimeandika sentensi sita kwenye karatasi. Ya tatu ina neno "milele." Nimelifuta. Nimelirudisha.


Ijumaa, 15 Machi

Bosi amepita barabara ya duka la dawa. Hapiti kamwe! Leo jino limemuuma.

Akaikuta ngazi iliyo matengenezoni ikitengenezwa na mwanamke mwenye brashi. Akamwomba Fundi ashuke, kwa adabu kabisa. Akaibeba ngazi mwenyewe begani mpaka ghalani, shavu limevimba, nami nikitembea nyuma yake nikishika ncha ya pili isiguse watu. Pale ghalani akasema jambo moja tu, kwamba mtu aliyemwamini kwenye mizani hakutegemea atamkuta na uzito wa aina hii. Akachukua ufunguo.

Shingo yangu ni nyepesi. Kichwa cha ukutani hakijageuzwa. Fundi amenionyesha kwa mkono anapoweza kufika bila ngazi: kwenye fundo la tai.

Kesho.


Jumamosi, 16 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Saa tano basi limefika. Nilikuwa ng'ambo ya barabara, shati limepigwa pasi mara mbili. Ameshuka na mkoba mdogo. Miwani. Mvi kidogo karibu na masikio. Mwendo uleule, wa mtu anayesikia kitu ambacho wengine hatukisikii. Akaniona kabla sijajipanga. Akapaza sauti barabarani: "Kayamba wee!"

Tangu aondoke hakuna aliyeniita hivyo. Sentensi sita zikanitoka kichwani zote, na "milele" ndiyo iliyotangulia.

Hotuba tatu. Vipaza sauti vikapiga muziki usio wetu. Chiriku akamwomba ofisa auzime. Kisha, bila kuombwa, akaimba nusu ya mstari, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu ufunguo kwenye mlango wa zamani. Barabara nzima ikanyamaza. Hata Kinyozi aliacha mkasi wazi hewani. Aliponyamaza niliendelea kumsikia. Sikupumua kwa kuogopa kuiharibu.

Watu wakaanza kutawanyika. Akaja akasimama nami chini ya ukuta. Akaniambia siku ya ile picha alinitafuta sana. Aliuliza kila mtu, Kayamba yuko wapi? Aliuliza kwa sauti kubwa, mbele za watu, mpaka mama yake akamkanya. Kesho yake alikuwa aondoke kwenda kwa shangazi, na moyoni alishapanga: nikitokea na kusema neno moja, basi mkoba ungebaki. Sikutokea. Miaka yote hii, alisema, amejiambia lazima kulikuwa na sababu. Akanitazama juu ya miwani. Akauliza, taratibu, "Ulikuwa mgonjwa, sivyo?"

Ningejibu ndiyo. Neno lenyewe fupi.

Lakini Kinyozi alikuwa hatua tatu nyuma yetu akifagia mahali ambapo hapana nywele. Masikio yamesimama. Nikikubali nilikuwa mgonjwa, kiwiko ni chake mbele ya mji mzima, na mtu mwenye tai ukutani ni nani? Isitoshe, kitambaa cha buluu. Masikio ya sungura. Mwanamume anaelezaje hayo kwa mwanamke aliyetoka kuimba vile?

Nikasimama wima. Nikasema nilikuwapo. Nikaonyesha kiwiko.

Akauliza, nilikuwapo pale? Pale ubavuni mwake? Nikasema palepale.

Akauliza kama basi nilimsikia akiniulizia. Nikaona hapo ndipo pa kumfurahisha. Nikamwambia nilisikia kila neno.

Akainua macho ukutani. Akajitazama yeye, mdomo wazi, akinielekea. Akanitazama mimi na kisogo changu.

"Kumbe," akasema.

Akafuta miwani kwa ncha ya mtandio. Akasema Fundi amefanya kazi nzuri, tai imetoka vizuri. Akauliza basi la kurudi ni saa ngapi. Nikamwambia lipo la saa tisa na lipo la kesho. Akachagua la saa tisa.

Nilimbebea mkoba mpaka stendi. Haukuwa mzito. Alipopanda aligeuka, akasema, "Kwaheri, kaka."


Jumapili, 17 Machi

Dada ameniuliza yote tangu mwanzo. Nilipofika pale pa "kaka" aliweka kikombe chini. Anasema mwanamke aliyekuita Kayamba saa tano akikuita kaka saa tisa, hayo si maendeleo. Mimi naona ni heshima.

Amenikaripia mpaka majirani wakazima redio. Anasema yule mama alikuchukulia ukweli, akautafuna, akaulainisha, akakutilia mdomoni, na wewe ukautema! Anataka nimwandikie Chiriku leo hii: nilikuwa na matubwitubwi, nilidanganya, nisamehe. Anasema barua ya mstari mmoja ingetosha, na kama aibu inanizidi, yeye atapanda basi kesho aende kumwambia kwa mdomo wake.

Nimemkataza. Nimelipima jambo hili kama ninavyopima kila kitu, na barua hiyo ni nyepesi. Mtu hangojwi miaka ishirini na mitatu halafu akaja na mashavu.

Hapana. Nilishasema nilikuwapo, lazima niendelee kuwapo. Kinachokosekana ni sababu ya kutojibu, na sababu ya uso kutazama kule. Nimetembea uani mpaka saa nne, na nimeipata. Moja, inatosha kote kuwili! Mvua. Mvua kubwa ya mlimani, yenye radi, inayopiga kutoka upande wa Chiriku. Mtu yeyote angegeuza uso. Na kwa radi ile, ningejibu kwa sauti gani akanisikia? Huenda nilijibu. Huenda nilijibu kwa nguvu zangu zote.

Kikwazo ni kidogo. Ukutani kuna jua kali, wapiga filimbi wamefinya macho, na mbwa amelala kwenye kivuli. Lakini Fundi yupo mjini mpaka Jumanne, na mkono wake kwa mawingu nimeuona pale posta. Nahitaji mawingu matatu, meusi, na radi moja kama rangi ya njano imebaki. Bosi amebadilisha kufuli la ngazi, ila kesho asubuhi anakwenda kung'oa jino, na koti lake huliacha kwenye msumari nyuma ya mlango.

Chiriku nitamwombea mwavuli. Sipendi alowe.